Bomba Lililokwama Jikoni kwa Mama Pacha

Ng'ombe wa Shangazi walikuwa wakienda mtoni kunywa maji, na wakirudi wana kiu tena. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Unamswaga ng'ombe mpaka mtoni, anakunywa mpaka tumbo linajaa kama gunia, unamrudisha juani, anapanda mwinuko wote ule, akifika malishoni anakugeuzia macho kama vile hujampa kitu.

"Usinitazame hivyo," Shangazi alimwambia aliyekuwa mbele. "Mto sikuuweka mimi kule."

Watu wote pale nyumbani walimwita Shangazi, hata wale ambao hakuwa shangazi yao, hata kaka zake siku wanazochoka kumwita dada. Alirudi kwa baba yake miaka mingi iliyopita na sanduku moja, ndoa imemshinda. Hakueleza kilichotokea, na baada ya muda wakaacha kumuuliza. Baba yake, mtu wa maneno machache, alimkabidhi ng'ombe wake pamoja na kipande cha malisho kilicho mbali kabisa chini, ambacho hakuna aliyekitaka. Kilikuwa na mawe, kilikuwa na majani mazuri, na hakikuwa na maji. Kulikuwa na kibwawa tu kinachojaa mvua zikinyesha, kisha jua likiwaka kinapungua pole pole mpaka kinabaki uji wa matope.

Mwaka ule kibwawa kilianza kupungua mapema. Na kama hiyo haikutosha, Bibi Harusi alikuwa na mimba kubwa. Huyu alikuwa ng'ombe mzee mweupe, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake, maana hajawahi kuharakishwa na mtu, na akiitwa anageuza kwanza shingo, halafu anafikiri, ndipo anakuja. Kumpeleka mtoni na tumbo lile ilikuwa kama kusukuma kabati.

Kaka Mkubwa ndiye aliyetoa kauli. Alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba yake, anaosha miguu.

"Bwawa likikauka kabla maji hayajafika kule chini, tunawauza wote," alisema. "Sitaki ng'ombe wa baba wafe kwa kiu watu tunaangalia."

Aliyasema kwa uzito, kama mtu aliyelala nalo jambo siku nyingi. Lakini Shangazi alimjua kaka yake. Wazo lile lilikuwa limemjia kati ya mguu wa kushoto na wa kulia. Shida ni kwamba Kaka Mkubwa akishasema kitu mbele ya watu, hata kama amekisema huku anaosha miguu, harudi nyuma.

Shangazi aliwaacha hapo. Alikwenda akakaa na ng'ombe wake. Bila wale ng'ombe yeye angekuwa nani? Angekuwa dada mtu mzima anayelala chumba cha uani, anayeulizwa kila asubuhi kama ameuona ufagio. Hapana. Maji yatafika.

Njia ya kuyafikisha ilikuwepo, tena haikuwa ngumu. Juu kabisa, karibu na nyumba ya Kaka Mkubwa, palikuwa na tangi la saruji linalojazwa na chemchemi. Ardhi yote inateremka kutoka hapo. Unatoa bomba kwenye tangi, unalipitisha kwenye shamba la Kaka Mkubwa, kisha kwenye kiwanja cha Mama Pacha, kisha unaingia malishoni, unamwagia kwenye hori. Hori lenyewe Shangazi alikuwa nalo tayari, pipa la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, kingo zake zimekunjwa zisikate ng'ombe midomo.

Alichonga vigingi akavichomeka mwenyewe. Alifuata njia ya ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hapendi kupanda bila sababu, na njia yao ilizunguka chini ya ile nundu ya ardhi iliyo nyuma ya nyumba ya Mama Pacha. Fundi wa mabomba naye akaja na kimpira chake cheupe chenye maji cha kupimia usawa wa ardhi, akapima kigingi hadi kigingi, akasema pamekaa sawa. Fundi huyu aliitwa Kesho. Kazi yake aliijua vizuri, jina alijipa mwenyewe kwa mdomo wake.

Sasa, katika familia ile kuna jambo moja ambalo mgeni halielewi. Zamani, baba yao aligombana na jirani kuhusu mpaka, akarudi nyumbani ana hasira, akawaambia watoto: jembe la mtu lisiguse udongo wa mwenzake. Alikuwa anamsema jirani. Lakini alikufa bila kuifafanua ile kauli, nayo ikabaki hivyo hivyo, wakaishika kama sheria. Mwembe wako ukiangusha tawi kwa ndugu yako, unasimama mpakani unaliangalia mpaka aje alitoe yeye. Kwa hiyo ilipofika kuchimba mtaro wa bomba, kila mtu alichimba kipande kinachopita kwake, kwa siku yake, kwa akili yake.

Kaka Mkubwa alichimba cha kwake huku akilalamikia kiuno. Alisogeza kigingi kimoja asiharibu vitunguu vyake, haikudhuru. Shangazi alichimba cha malishoni, kirefu kuliko vyote na chenye mawe kuliko vyote, akamaliza wa kwanza.

Kikabaki kipande cha Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa mke wa mdogo wao, dereva wa lori ambaye alionekana nyumbani lori linapoharibika tu. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye mikono ya kazi, na mwenye kipaji cha kufanya anachotaka huku wewe ukimshukuru. Alichimba siku Shangazi alipokuwa mtoni. Shangazi aliporudi hakuona kigingi hata kimoja. Aliona mtaro mpya, umenyooka vizuri, umetoka kwa Kaka Mkubwa ukaenda moja kwa moja mpaka mlangoni pa jiko la Mama Pacha. Hapo ulipumzika kidogo, kisha ukapanda nundu.

"Wifi," Shangazi alisema, "vigingi vyangu viko wapi?"

"Vile vijiti?" Mama Pacha alikuwa anachambua maharage. "Nilidhani umeshamaliza navyo. Kimoja nimefungia mlango wa banda la kuku. Vingine viko hapo ukutani, nimekupangia. Kuna kimoja kiliingia jikoni."

"Kiliingia kufanya nini?"

"Kuivisha maharage ya jana. Kuni zilikuwa mbichi."

Shangazi alivuta pumzi. Alivuta nyingine, ya kwanza haikutosha.

"Njia ilikuwa inapita kule chini, wifi. Tulipima."

"Nilikuonea huruma. Kule unazunguka weee, na unanikatia maharage yangu yote ya bondeni. Huku ni mkato. Umetoka hapa, umepanda hapo, umeshafika kwako."

"Maji hayapandi mlima."

"Mlima uko wapi? Pale pacha wangu wanapanda wakikimbia."

"Pacha wako wana miguu."

Mama Pacha alicheka mpaka maharage yakamwagika. Shangazi hakucheka. Alimgeukia Fundi Kesho, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda ameshika bakuli.

"Fundi, mwambie."

Fundi alilitazama bakuli. Lilikuwa limejaa. Alimtazama aliyelijaza.

"Sisi tujaribu tu," alisema. "Yakigoma, tutaona kesho."

Wakalaza bomba. Kwa kuwa lilipita mlangoni, Mama Pacha alimwomba fundi amwekee na koki moja hapo, ya kuonja tu. Ikawekwa.

Siku ya kufungulia maji, Shangazi alishuka malishoni, akakaa kando ya hori akisubiri, na ng'ombe wamemzunguka kama watu waliosikia kuna kitu kinagawiwa. Juu kule fundi alifungua. Shangazi aliinama akategea sikio kwenye mdomo wa bomba. Alisikia hewa ikija, fuuu, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Akasogeza kichwa. Chafya haikuja. Hewa nayo ikanyamaza. Buibui mmoja mdogo alitoka bombani akaangalia huku na huku, akarudi ndani.

Alipanda juu akiufuata mtaro. Akipita nyuma ya ile nundu, bomba kavu. Akifika upande wa pili, akasikia kelele za watoto. Pale jikoni koki ilikuwa wazi, maji yanatoka kwa nguvu, ndoo zimejaa, beseni zimejaa, pacha wamelowa kuanzia kichwani, na Mama Pacha anafua mablanketi ambayo Shangazi hakujua kama yamewahi kuwa na rangi ile.

"Yamefika, wifi," Mama Pacha alisema, uso unang'aa. "Fundi huyu mumtunze."

Fundi alitazama nundu, akakuna shingo. "Pale juu panakaribia kulingana na tangi," alisema, kama mtu anayewapa habari za mbali. "Hayatavuka. Inabidi bomba lirudi chini kwenye vigingi."

"Basi lirudishe," Shangazi alisema.

"Si mpaka mtaro uchimbwe?"

Wote wawili wakamgeukia Mama Pacha, na Mama Pacha akaanza kukamua blanketi.

Kuanzia hapo Shangazi akaonja ya dunia. Alimwomba wifi yake achimbe mtaro wa chini. Mama Pacha alikubali, hakukataa hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa baya. Leo kifua kinambana. Leo pacha mmoja ana homa. Yule mmoja akipona, anaumwa mwenzake. Mwisho akasema ni vizuri amsubiri mume wake, mtaro ni kazi ya mwanaume, ilhali ule wa kwanza alikuwa ameuchimba kwa mkono wake mwenyewe asubuhi moja.

"Nipe ruhusa nichimbe mimi," Shangazi alisema.

"Kwenye udongo wetu?" Mama Pacha alishika kifua. "Wifi, unataka marehemu baba mkwe anijie ndotoni?"

Alikwenda kwa Kaka Mkubwa. Alimkuta anaosha miguu.

"Kaka, sema neno."

"Nyinyi ni watu wazima. Elewaneni."

"Tumeelewana vizuri sana. Yeye ana maji, mimi sina."

"Sasa mimi niingie kwenye maneno ya wanawake?" Kaka Mkubwa alijipangusa vidole, kimoja kimoja. "Bwawa linasemaje?"

"Linakauka."

"Mh," alisema. Na ile mh ilikuwa na uzito uleule wa siku ya benchi.

Bwawa kweli lilikuwa linakwisha. Kila asubuhi lilikuwa limeacha duara jipya la matope, ndani ya duara la jana. Bibi Harusi hakuweza tena safari ya mtoni, akifika nusu ya njia alilala chini, na Bibi Harusi akilala, amelala. Ikawa Shangazi anawapeleka wengine mtoni, anarudi, anachukua ndoo, anapanda kwa Mama Pacha kuchota, anashuka nayo kichwani malishoni, ng'ombe anaimaliza kabla yeye hajashusha pumzi, anapanda tena. Shingo ilimuuma. Ilikuwa inamchoma zaidi kuona kwamba bomba, la urefu wote ule, alilolichimbia mawe kwa mikono yake, limelala kando ya njia yake linamtazama akibeba ndoo.

Siku moja akiwa anachota, Mama Pacha alikuwa anasugua sufuria, akaona uso wa wifi yake, akaingiwa na huruma ya kweli. Kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye maji mlangoni.

"Usininunie, wifi. Mimi sijakunyima. Maji haya ni ya ukoo mzima. Njoo uchukue wakati wowote."

Shangazi alisimama, ndoo ikiwa nusu njia kwenda kichwani.

"Wakati wowote?"

"Wowote ule."

"Mimi na wangu?"

"Wewe na wako. Sisi si ndugu?"

Shangazi aliiweka ndoo kichwani. "Asante, wifi," alisema, na mara ya kwanza tangu jua lianze kuwaka, akashuka ule mteremko bila kusonya.

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alifungua mlango wa jiko akakuta pipa linatembea. Ilikuwa miguu miwili na nusu pipa juu yake, kama kobe aliyesimama. Pipa likainama, likajitua chini ya koki, na Shangazi akatoka ndani yake, ana jasho. Nyuma yake, kwa mstari, walikuja ng'ombe wote, na mwisho kabisa, kwa mwendo wake, Bibi Harusi.

"Habari za asubuhi, wifi," Shangazi alisema, akafungua koki. "Nimekuja na wangu."

"Karibuni," Mama Pacha alijibu, kwa sababu mdomo ulishazoea.

Ng'ombe akinywa maji mengi huwa hakai nayo yote. Kabla jua halijapanda, mlangoni pa jiko palikuwa hapapitiki. Dume lilikuta pembe ya banda la kuku, likajikuna hapo kwa raha mpaka kigingi kikachomoka na kuku wakatawanyika. Ndama mmoja alionja mkono wa gauni lililokuwa kwenye kamba, akaona linafaa, akaendelea. Nzi walikuja wakawaita wenzao. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha fundi, anasuka kamba, hana haraka.

"Wifi, hawa wanaondoka saa ngapi?"

"Wakishiba."

"Na wanashiba lini?"

"Hawajawahi kupata maji ya karibu. Sijui na mimi. Tuangalie."

Jioni waliondoka, ila Bibi Harusi. Yeye alikuwa amechagua pale mlangoni penye ubaridi, akalala, na tumbo lake lote limeziba kizingiti. Mama Pacha akawa kila akitaka chumvi anaruka mkia. Siku ya pili ng'ombe walijua njia, hawakuhitaji kuswagwa, walifika kabla ya Shangazi. Siku ya tatu moshi wa jiko ulinuka zizi, na pacha wakakataa uji, wanasema una manyoya.

Mama Pacha akatuma aitwe Kaka Mkubwa. Alikuja amevaa viatu, kwa kuwa aliitwa rasmi. Aliviangalia mara moja tu baada ya hatua ya kwanza uani, kisha akaamua asiviangalie tena.

"Shemeji, ona mwenyewe," Mama Pacha alisema. "Nimegeuzwa zizi."

"Dada, hii ni nini?"

"Ng'ombe wa baba wanakunywa maji, kaka. Ulisema hutaki wafe kwa kiu."

"Lakini hapa ni jikoni kwa mtu."

"Hori liko pale maji yalipoishia. Yakiishia malishoni, nalo litakuwa malishoni. Sijagusa udongo wa mtu kwa jembe. Wifi alinikaribisha mimi na wangu, muulize."

Kaka Mkubwa alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha alitazama sufuria.

"Nilimkaribisha," alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua wake ni wengi hivi."

Kaka Mkubwa alikohoa, akajiandaa kusema kwamba wao ni watu wazima. Wakati huo dume likampumulia sikioni. Alifunga mdomo, akafuta sikio.

"Shemeji," alisema, "vile vigingi viko wapi?"

Kifua cha Mama Pacha kilipona palepale. Hakumsubiri dereva. Alipandisha gauni, akachukua jembe, akachimba mtaro wa chini katikati ya maharage yake mwenyewe, huku pacha wakimletea vigingi vilivyobaki, na Shangazi akiwa amesimama mpakani, upande wake, akimwelekeza kwa kidole tu. Fundi Kesho naye aliitwa. Alipoanza kufungua mdomo, Mama Pacha alimwambia kwamba kwenye jiko lile hakupikwi kitu mpaka bomba lihame. Fundi alifikiri.

"Leo," alisema. Pacha waliacha kucheza wakamtazama.

Walihamisha bomba, wakafukia. Shangazi akaligeuza hori, akalivaa tena kichwani, akashuka nalo, na ng'ombe nyuma yake wakilalamika njia nzima, wanageuka kutazama jikoni kama watu waliofukuzwa harusini.

Safari hii hewa ilikuja, ikapiga chafya ya kweli. Kwanza likatoka tope, kisha yule buibui, kisha maji. Yalitoka yanakohoa, yakakata, Shangazi akainama kutazama, yakarudi, yakanyooka. Alikaa chini kwenye majani. Alikuwa amechoka hata kufurahi, na kichwa kilikuwa na alama ya ukingo wa pipa.

Kaka Mkubwa alishuka siku iliyofuata kuangalia bwawa. Lilikuwa limekauka, limepasuka vipande kama sahani zilizovunjika. Alilizunguka. Akaja kwenye hori, lililojaa pomoni, akachovya kidole, akakiangalia kidole.

"Mimi nilisema tu ili mchangamke," alisema.

"Ulisema tu," Shangazi alijibu.

"Hawa hawauzwi bwana. Nani kasema wanauzwa?"

Shangazi aliona hakuna faida ya kubishana, akaendelea kung'oa magugu kwenye mguu wa hori. Kaka Mkubwa alipanda kurudi kwake. Miguu ilikuwa na vumbi, kwa hiyo alikuwa na kazi ya kwenda kufanya.

Kabla hajapotea vizuri machoni, mwinuko ukamtoa mtu mwingine. Alikuwa Mama Pacha, na ndoo kichwani, na nyingine mkononi.

"Wifi, shikamoo ya kazi," aliita kutoka mbali, kwa ucheshi wake uleule. "Fundi hakuniwekea koki kule chini. Kile kiungo cha kugawia maji amesema hana, atakileta kesho."

Shangazi alinyoosha mgongo. Mbele ya hori Bibi Harusi alikuwa ameinamisha shingo, anakunywa kwa mafunda madogo, na baada ya kila funda anainua kichwa, anafikiri. Nyuma yake wengine wote walikuwa wanasubiri.

"Maji ni ya ukoo mzima, wifi," Shangazi alisema. "Pale mwisho, nyuma ya yule ndama aliyekula gauni."

Mama Pacha aliangalia mstari. Akatua ndoo zake, akaipindua moja, akaikalia.